Mkazo wa mkanda wa taimingi

Mkazo wa mkanda wa taimingi ni kiasi cha nguvu inayouvuta mkanda wa mpira wenye meno unaounganisha krenkishafti na kemshafti katika injini ya gari. Mafundi wa Afrika Mashariki huuita mkanda huo "taiming belti". Mkazo ukiwa mdogo mno, mkanda huweza kuruka meno. Ukiwa mkubwa mno, mkanda na beringi za puli huchakaa kabla ya wakati wake. Katika injini nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2000 mkazo hauwekwi na mtambo unaojirekebisha wenyewe, bali huwekwa na mtu anayefunga mkanda. Kazi hiyo hufanyika gereji, na pia huweza kufanyika nyumbani na mtu mwenye zana zinazofaa na kitabu cha matengenezo cha injini husika.

Makala hii inaeleza kwa nini mkazo una umuhimu, namna unavyowekwa na namna unavyohakikiwa. Mfano mkuu ni injini ya petroli ya Toyota 4A-FE ya sentimita za ujazo 1,587, iliyotumika katika Corolla, Carina na magari mengine ya miaka ya 1980 na 1990. Ndugu yake, 5A-FE ya sentimita za ujazo 1,498, hufuata mpangilio uleule. Magari yenye injini hizi yaliingizwa kwa wingi Tanzania, Kenya na Uganda yakiwa yametumika Japani, na mengi bado yanatembea.

Kazi ya mkanda

Injini ya mapigo manne hukamilisha mzunguko wake wa kazi, yaani kuvuta hewa na mafuta, kugandamiza, kuwaka na kutoa moshi, katika mizunguko miwili ya krenkishafti. Katika muda huo kila valvu hufunguka mara moja tu. Kwa hiyo kemshafti, ambayo ndiyo inayozifungua valvu, lazima izunguke mara moja kila krenkishafti inapozunguka mara mbili. Uwiano huo hupatikana kwa kuipa puli ya kemshafti meno mara mbili ya yale ya puli ya krenkishafti.

Uwiano peke yake hautoshi. Kemshafti lazima pia ianze mahali panapostahili, ili valvu ifunguke pistoni inapokuwa katika nafasi yake. Ndiyo maana puli zote mbili zina alama, na mkanda una meno ili usiteleze kama mkanda laini unavyoweza kuteleza.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Puli ya kemshafti ikiwa na meno 40, kila jino ni sawa na nyuzi 360 ÷ 40 = 9 za mzunguko wa kemshafti. Kwa kuwa krenkishafti huzunguka mara mbili zaidi, kosa la jino moja ni kosa la nyuzi 18 za krenkishafti. Injini yenye kosa hilo huweza kuwaka, lakini hukosa nguvu, hutetemeka ikiwa sailensa na hula mafuta zaidi. Kosa la meno kadhaa huifanya isiwake kabisa, au huleta madhara yanayoelezwa hapa chini.

Katika 4A-FE mkanda huendesha kemshafti moja tu kati ya mbili. Kemshafti ya pili huzungushwa na ya kwanza kwa gia zilizo ndani ya silinda hedi, na hizo hazina uhusiano na kazi ya kukaza mkanda.

Historia

Kabla ya mikanda, kemshafti iliendeshwa kwa gia au kwa mnyororo. Gari la kwanza kuzalishwa kwa wingi likiwa na mkanda wa meno wa mpira lilikuwa Glas 1004, lililotengenezwa Dingolfing, Ujerumani, kuanzia mwaka 1962. Pontiac ya Marekani ilifuata kwa injini yake ya silinda sita ya modeli ya mwaka 1966, na katika miaka hiyohiyo Fiat ya Italia ikaanza kuutumia katika injini zake za kemshafti mbili.

Mkanda ulipendwa kwa sababu ni mwepesi, hauna kelele, hauhitaji oili na ni rahisi kuutengeneza. Udhaifu wake ni kwamba una umri. Mpira huchakaa, na nyuzi zilizo ndani yake, ambazo kwa kawaida ni za kioo, hukatika kidogokidogo. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 watengenezaji wengi walirudi kwenye mnyororo. Toyota, kwa mfano, ilitumia mnyororo katika injini za 1ZZ-FE na 1NZ-FE zilizochukua nafasi ya familia ya 4A na 5A. Kwa hiyo mwenye Probox au Vitz yenye injini ya 1NZ-FE hana mkanda wa taimingi wa kubadilisha. Mwenye Corolla ya zamani anao.

Injini zinazogongana na zisizogongana

Madhara ya mkanda kukatika au kuruka meno hutegemea nafasi iliyopo kati ya valvu na pistoni. Katika injini isiyogongana, valvu iliyofunguka kabisa haiwezi kufikiwa na pistoni hata ikiwa kileleni. Mkanda ukikatika, injini huzima na gari husimama, lakini ukifungwa mpya injini huendelea na kazi. Toyota 4A-FE ni ya kundi hili.

Katika injini inayogongana, pistoni na valvu hutumia nafasi ileile kwa zamu. Mkanda ukikosa kuzipanga, pistoni huzigonga valvu zilizo wazi na kuzipinda. Wakati mwingine pistoni nayo hutoboka, au silinda hedi hupasuka. Injini za dizeli ziko katika kundi hili, kwa sababu mgandamizo wake mkubwa hauachi nafasi ya ziada juu ya pistoni. Injini nyingi za petroli za Honda na Mitsubishi za miaka hiyo ni hivyohivyo.

Tofauti hii haionekani kwa macho injini ikiwa imefungwa. Asiyejua injini yake ni ya kundi gani huichukulia kuwa inayogongana, na huifanyia kazi kwa uangalifu huo.

Madhara ya mkazo usio sahihi

Mkanda uliolegea huonekana kwanza kwa kelele: hupigapiga kifuniko cha plastiki hasa injini inapoharakishwa au kuzimwa. Meno yake hayakai barabara ndani ya meno ya puli, hivyo mzigo hubebwa na ncha za meno badala ya shina lake. Meno hukatika, au mkanda hupanda juu ya puli na kuruka. Hatari ni kubwa zaidi wakati wa kuwasha injini na wakati dereva anapopunguza gia ghafla, kwa sababu mzigo hubadilika kwa nguvu mara moja.

Mkanda uliokazwa mno hutoa mlio mwembamba unaopanda kadiri injini inavyoharakishwa. Nyuzi zake huvutwa kupita kiasi, beringi ya puli ya kukazia hupata joto na kumaliza grisi yake, na oil sili zilizo karibu huanza kuvuja. Oili inayovuja huutafuna mpira wa mkanda. Ikiwa mkanda ndio unaoendesha pampu ya maji, kama ilivyo katika Toyota 3S-FE, beringi ya pampu nayo huumia. Katika 4A-FE pampu ya maji huendeshwa na mkanda wa nje, ule unaozungusha pia alteneta.

Watu wengi huogopa mkanda uliolegea na hivyo huukaza kupita kiasi, wakidhani kuwa kukaza zaidi ni usalama zaidi. Sivyo. Injini inapopata joto, chuma chake hutanuka na umbali kati ya krenkishafti na kemshafti huongezeka. Katika 4A-FE bloku ni ya chuma cha kusubu na silinda hedi ni ya aluminiamu, madini yanayotanuka zaidi. Mkanda uliobana barabara injini ikiwa baridi hubana zaidi ikiwa moto. Kwa sababu hii mkazo huwekwa na kupimwa injini ikiwa baridi, isipokuwa kitabu kiseme vinginevyo.

Namna mkazo unavyopatikana

Injini za zamani hutumia mojawapo ya njia tatu zifuatazo:

1. Puli yenye springi na bolti. Puli ya kukazia hukaa juu ya bamba linaloweza kusogea. Springi huivuta kuelekea mkanda, kisha bolti hukazwa na puli hubaki hapo. Hii ndiyo njia ya 4A-FE.

2. Puli yenye ekseli ya pembeni. Tundu la bolti haliko katikati ya puli, hivyo puli ikigeuzwa kwa spana maalumu huusukuma mkanda. Hakuna springi, kipimo ni cha mtu mwenyewe. Njia hii ilitumika katika injini nyingi za Volkswagen za miaka ya 1970 na 1980.

3. Kikazio cha haidroliki. Silinda ndogo yenye oili huisukuma puli muda wote. Kabla ya kufungwa hugandamizwa polepole na kuzuiwa kwa pini, na pini hutolewa mkanda ukishakaa. Toyota 1MZ-FE ya silinda sita ni mfano.

Katika njia ya kwanza ni muhimu kuelewa kuwa springi haifanyi kazi baada ya bolti kukazwa. Springi hupima, bolti hushikilia. Springi ilichaguliwa na mtengenezaji ili itoe nguvu inayotakiwa, wala haihitaji kusaidiwa kwa bisibisi au nondo. Ikiwa springi ya zamani imenyooka au imeshika kutu, dawa ni kuibadilisha pamoja na puli, si kuivuta kwa mkono.

Mfano: kukaza mkanda wa Toyota 4A-FE

Zana na maandalizi. Kazi huhitaji seti ya soketi, spana yenye kipimo cha nguvu ambayo mafundi huiita toki renchi, jeki pamoja na stendi mbili imara, kipande cha mbao, rula na chaki au rangi nyeupe ya kuwekea alama. Gari husimamishwa mahali tambarare, magurudumu ya nyuma huwekewa vigingi na waya hasi wa betri hufunguliwa. Gari lililonyanyuliwa halitegemei jeki peke yake.

Kufungua. Gurudumu la mbele la kulia hutolewa ili kuifikia puli ya krenkishafti. Mikanda ya nje na kifuniko cha valvu hutolewa. Mguu wa injini wa upande wa kulia hufunguliwa, huku injini ikiwa imeegemezwa kwa jeki yenye mbao chini ya sampu. Plagi nne hutolewa ili injini izunguke kwa wepesi bila kugandamiza hewa.

Kuweka alama. Krenkishafti huzungushwa kwa soketi, kwa mwelekeo wa mishale ya saa, hadi ufa ulio kwenye puli yake ulingane na namba 0 ya kifuniko. Hapo pistoni ya silinda ya kwanza iko kileleni. Kisha tundu dogo la puli ya kemshafti hutazamwa: lazima lilingane na alama ya kifuniko cha beringi kilicho nyuma yake. Lisipolingana, krenkishafti huzungushwa mzunguko mmoja kamili zaidi, kwa kuwa kileleni pistoni hufika mara mbili katika kila mzunguko wa kazi.

Kuondoa mkanda wa zamani. Bolti ya puli ya krenkishafti hulegezwa, puli hutolewa na vifuniko vya mkanda hufunguliwa. Bolti hii hukazwa kwa Nm 118, hivyo haifunguki kwa urahisi. Katika gari la gia za mkono, mtu wa pili hukanyaga breki gari likiwa gia ya tano. Kuilegeza kwa kutumia stata ni hatari na huweza kuvunja zana au kuumiza mtu. Bolti ya puli ya kukazia hulegezwa, puli husukumwa upande unaoivuta springi, na bolti hukazwa kwa muda ili puli ikae mbali. Mkanda hutolewa. Ikiwa utarudishwa uleule, mshale wa mwelekeo wa mzunguko huchorwa kwanza mgongoni mwake.

Ukaguzi. Huu ndio wakati wa kutazama oil sili za krenkishafti na kemshafti. Puli ya kukazia huzungushwa kwa kidole: ikitoa sauti ya mchanga au ikicheza, hubadilishwa. Mkanda mpya haukunjwi, haupindwi nyuma wala haushikwi kwa mikono yenye oili.

Kufunga. Alama zote mbili huhakikiwa tena, ile ya puli ya kemshafti na ile ya puli ndogo ya krenkishafti inayolingana na alama kwenye mwili wa pampu ya oili. Mkanda huanzia puli ya krenkishafti, hupanda upande usio na puli ya kukazia ukiwa umenyooka bila ulegevu, hupita juu ya puli ya kemshafti, kisha hushuka upande wa puli ya kukazia. Ulegevu wote lazima ubaki upande huu wa mwisho.

Kukaza. Bolti ya puli ya kukazia hulegezwa, na springi huachwa ifanye kazi yake. Mkono hausaidii. Bolti ya krenkishafti hurudishwa kwa muda, kisha krenkishafti huzungushwa polepole mizunguko miwili kamili, kutoka kileleni hadi kileleni, kwa mwelekeo wa mishale ya saa tu. Alama hutazamwa. Zikilingana zote, bolti ya puli ya kukazia hukazwa kwa Nm 37. Zisipolingana, mkanda hutolewa na kazi huanza upya tangu hatua ya kufunga.

Sababu ya mizunguko miwili

Hatua ya kuzungusha kwa mkono mara mbili ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo yenye maana kubwa kuliko zote. Ina kazi tatu.

Kwanza, hukalisha mkanda. Mkanda mpya unapowekwa, baadhi ya meno hayajaingia vizuri kwenye puli, na ulegevu umetawanyika. Krenkishafti inapozunguka kwa mwelekeo wake, huvuta upande mmoja wa mkanda na kuukusanya ulegevu upande wa pili, ambako puli ya kukazia inausubiri. Ikizungushwa kinyume, ulegevu huhamia upande usio na puli ya kukazia, na kipimo cha springi huwa cha uongo. Mkanda huweza hata kuruka jino papo hapo.

Pili, hupitisha kemshafti katika hali zake zote. Springi za valvu huisukuma kemshafti mbele au nyuma kutegemea mahali ilipo, na hivyo mkazo wa mkanda hubadilika katika kila pembe. Mizunguko miwili hurudisha kila kitu mahali pale pale pa kuanzia, na kipimo huweza kulinganishwa na cha kitabu.

Tatu, ni mtihani. Ikiwa alama zilikosewa katika injini inayogongana, pistoni itagusa valvu wakati mtu anazungusha kwa mkono, naye atahisi injini imekwama. Hapo husimama mara moja na kutafuta kosa bila kulazimisha. Mguso wa polepole wa namna hiyo kwa kawaida hauharibu kitu. Stata ingepinda valvu kwa sekunde moja.

Kupima

Kwa 4A-FE kipimo ni cha kubonyea. Mkanda hubonyezwa katikati ya upande mrefu kati ya puli mbili, upande usio na puli ya kukazia, kwa nguvu ya newtoni 20, yaani karibu uzito wa kilo 2. Mkanda unapaswa kubonyea milimita 5 hadi 6. Nguvu hiyo hupatikana kwa mizani ndogo ya springi, kama ile ya kupimia samaki au nyama, inayovutwa badala ya kusukumwa. Kidole hakiwezi kupima kilo 2, ingawa mafundi wenye uzoefu wa miaka mingi hukaribia. Kipimo kikiwa nje ya mipaka, bolti hulegezwa na ukazaji hurudiwa. Kikiendelea kuwa nje, springi au puli ndiyo yenye kasoro.

Njia ya pili ni ya kupinda. Katika injini za Volkswagen za zamani mkanda hushikwa katikati ya sehemu yake ndefu kwa kidole gumba na cha shahada, na huwa sawa ukiweza kupindika nyuzi 90 tu. Kanuni hii imeenea katika gereji na hutumiwa kwa injini yoyote, lakini si ya wote. Mkanda mpana au wenye sehemu fupi hupindika kwa shida hata ukiwa na mkazo wa kawaida, na mtu anayefuata kanuni hii ataulegeza bila sababu.

Njia ya tatu ni ya sauti. Mkanda ukidonolewa hutetemeka kama uzi wa gitaa, na kadiri ulivyokazwa ndivyo sauti inavyokuwa ya juu. Vipimo vya kisasa husoma idadi ya mitetemo kwa sekunde, na baadhi ya watengenezaji hutoa mkazo kwa kipimo hicho.

Injini nyingine

Utaratibu wa injini moja hauhamishwi kwenye nyingine. Injini nyingi za Honda za miaka ya 1980 na 1990, zikiwemo za familia ya D zilizotumika katika Civic, huzunguka kinyume cha mishale ya saa zikitazamwa upande wa puli. Katika injini hizo mkanda hukalishwa kwa kuzungusha krenkishafti mizunguko 5 au 6 kinyume cha saa na kurudisha silinda ya kwanza kileleni. Kisha bolti ya kukazia hulegezwa, krenkishafti huzungushwa kwa mwelekeo uleule hadi puli ya kemshafti isogee meno 3, na bolti hukazwa hapo. Fundi aliyezoea Toyota akizungusha Honda kwa mwelekeo wa saa atakuwa ameharibu kipimo bila kujua.

Dizeli za Toyota za 2L, 3L na 5L, zilizo katika HiAce na Hilux, pamoja na 1HZ ya Land Cruiser, nazo hutumia mkanda. Katika injini hizi mkanda huzungusha pia pampu ya dizeli, hivyo alama ni tatu badala ya mbili, na kosa la pampu huleta moshi na kuwaka kwa shida hata kemshafti ikiwa sawa. Magari mengi ya aina hiyo yana taa ya onyo iliyoandikwa T-BELT. Taa huwaka gari likifikisha kilomita zilizopangwa, kwa kawaida 100,000. Taa hiyo hufuata kilomita tu. Haijui hali ya mkanda. Huweza kuwaka mkanda ukiwa mpya, na hubaki kimya mkanda ukiwa umelowa oili na unakaribia kukatika.

Kumalizia na kuwasha

Vifuniko hurudishwa, puli ya krenkishafti hufungwa na bolti yake hukazwa kwa Nm 118. Bamba la duara linalokaa mbele ya mkanda hurudishwa upande wake uliobonyea ukitazama nje; likigeuzwa hula ukingo wa mkanda. Plagi, mguu wa injini na mikanda ya nje hufungwa, na betri huunganishwa mwisho.

Injini huwashwa na kusikilizwa ikiwa sailensa. Mlio mwembamba ni dalili ya kukaza mno. Kugongagonga kwenye kifuniko ni dalili ya ulegevu. Katika 4A-FE yenye distributa, taimingi ya moto hukaguliwa kwa taa maalumu: nyuzi 10 kabla ya kilele, matundu ya TE1 na E1 ya kiunganishi cha ukaguzi yakiwa yameunganishwa kwa waya. Kwa kuwa distributa huendeshwa na kemshafti, tofauti kubwa hapa huweza kuonyesha kuwa mkanda umekaa jino moja pembeni.

Muda wa kubadilisha

Kwa injini nyingi za petroli za Toyota za wakati huo muda uliopangwa ni kilomita 100,000. Gari linalotembea kidogo halisalimiki, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa umesimama. Mkanda uliopasuka mgongoni, uliong'aa, uliopoteza meno au uliolowa oili au maji hubadilishwa bila kusubiri kilomita. Kuukaza upya mkanda uliochakaa hakurudishi umri wake. Mkanda unaolegea tena baada ya muda mfupi unaonyesha tatizo lililo kwingine: bolti isiyokazwa barabara, puli mbovu au nyuzi za ndani zilizokatika.

Kwa gari lililoletwa kutoka Japani, historia ya mkanda huweza kupatikana kwenye stika ndogo ndani ya boneti au kwenye kifuniko cha mkanda, iliyobandikwa na gereji ya huko. Maandishi huwa ya Kijapani, lakini namba husomeka: moja ni kilomita na nyingine ni tarehe. Mwaka huweza kuandikwa kwa hesabu ya enzi ya Heisei, iliyoanza 1989, hivyo mwaka wa kawaida hupatikana kwa kujumlisha 1988. Heisei 15, kwa mfano, ni mwaka 2003. Pasipo stika wala kumbukumbu nyingine ya kuaminika, mkanda huhesabiwa kuwa wa zamani na hubadilishwa pamoja na puli na springi yake. Baada ya hapo tarehe na kilomita huandikwa kwenye kifuniko kwa ajili ya fundi au mmiliki atakayefuata.